Mtoto aliyetumwa kibiriti

Kabla Baraza la Mitihani halijampima mtoto wa Kitanzania, mama yake ameshampima kwa kumtuma dukani. Jumamosi moja nikiwa kwa dada yangu, Tanga, nilimsikia akimwambia mwanawe: "Nenda kwa Mangi, chukua kibiriti na sukari robo, ukirudi pitia kwa mama Asha umwambie nataka sufuria yangu." Mpwa wangu huyo, nitamwita Shabani ingawa si jina lake, ana miaka tisa. Duka halifiki mita mia mbili. Alitoka saa kumi na moja jioni, akarudi adhana ya magharibi inaadhiniwa, mikono mitupu, noti ya elfu mbili imelowa ndani ya ngumi.

"Kibiriti kiko wapi?"

"Nilikuwa naenda, mama."

Wala hakudanganya. Alikuwa anaenda. Njiani kuna fundi baiskeli, na jioni ile fundi alikuwa na tyubu ndani ya karai la maji, anatafuta pancha. Shabani akasimama kuangalia. Kisha akachuchumaa. Kisha akapewa tyubu ashike. Baadaye alinieleza mambo ambayo mimi na nywele zangu za mvi nilikuwa siyajui: ukiona mapovu membamba yanapanda kwa mstari, hapo ndipo penye tundu; ukiona povu moja kubwa, huo ni upepo uliojificha chini ya tyubu tu, usihangaike nao.

Dada alikuwa ameshavua kandambili. Nikamwomba kwanza amuulize mtoto alitumwa nini. Shabani akataja bila kujikwaa: kibiriti, sukari robo, sufuria kwa mama Asha. Nilidhani nimemwokoa, kumbe ndio nimechochea kuni.

"Kumbe anajua!" akasema dada. "Basi ni jeuri."

Kumbe anajua, basi ni jeuri. Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, nimeyasikia kwenye ofisi za walimu, na mimi mwenyewe niliyasema kwa miaka kumi na moja niliyofundisha darasa la tatu. Tunadhani kati ya kujua na kutenda hakuna kitu kingine isipokuwa utashi, kwa hiyo anayejua na hatendi, hataki. Lakini itazame safari ya Shabani kwa karibu. Ili afike dukani ilimbidi alishike neno "kibiriti" kichwani huku macho yanaona mapovu, ausukume kando utamu wa yale mapovu, akumbuke kwamba jua linashuka, kisha ainuke mwenyewe bila mtu kumwambia. Hizo ni kazi nne, na zote hufanywa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo huchelewa kukomaa kwa kila binadamu. Kwa baadhi ya watoto huchelewa zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliopiga picha za ubongo walikuta kwamba kwa watoto wenye tatizo la umakini ambalo madaktari huliita ADHD, gamba la ubongo lilifikia kilele cha unene wake wakiwa na miaka kumi na nusu hivi; kwa wenzao ilikuwa saba na nusu. Tunamtuma mtoto wa miaka tisa, na katika kazi hii moja ya kujishika, tumemtuma wa sita.

Sasa tazama kandambili inafundisha nini. Inafundisha kwamba hukutakiwa kusimama kwa fundi. Shabani alilijua hilo kabla hajatoka mlangoni. Kilichokosekana hakikukosekana nyumbani wakati wa magharibi. Kilikosekana saa kumi na moja na dakika tano pale kwenye karai, na pale hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Adhabu yetu hufika imechelewa saa nzima na imekosea mahali kwa mita mia moja.

Hiyo ADHD kwa Kiswahili husemwa ni upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopindukia. Mtaani tuna neno zuri zaidi: mapepe. Tusiwacheke sana akina mama wanaoanzia kwenye tabia, maana hata udaktari ulianzia huko. Mwaka 1902, jijini London, daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza habari za watoto wenye akili zao timamu ambao hawatulii, hawashiki jambo, na adhabu haiwabadilishi. Yeye naye aliiita hali hiyo upungufu wa kujitawala kimaadili. Ilichukua miongo kadhaa kuliondoa suala hili kwenye maadili na kulipeleka kwenye ukuaji wa ubongo, na leo inajulikana kwamba sehemu kubwa hurithiwa. Ndiyo maana mara nyingi baba anapomsikiliza daktari akisoma dalili za mwanawe, hutazama chini na kuanza kukumbuka utoto wake mwenyewe.

Masharti ya kumpa mtoto jina hilo ni makali kuliko tunavyodhani. Dalili ziwe nyingi, ziwe zimedumu angalau miezi sita, ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, mathalani nyumbani na shuleni. Na ziwe zinamharibia maisha. Mtoto anayeruka ruka tu na mambo yake yanakwenda, mwacheni aruke. Ukichukua makadirio ya kimataifa, ni kama watoto watano katika kila mia.

Niliwahi kuwa na watoto 112 katika chumba kimoja.

Waliosoma shule za serikali wanaikumbuka orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, kiranja anasimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina. Ukirudia, jina lako linaongezewa alama ya X. Mwalimu akirudi anakabidhiwa karatasi, wenye majina wanapita mbele, wanapata chao, karatasi inatupwa. Nimetupa karatasi hizo kwa miaka, hadi siku moja nikakuta kumi na mbili zimebanwa kwenye mahudhurio, za muhula mmoja. Nikazisoma mfululizo kama mtu anavyosoma taarifa ya benki. Majina mengi yalikuja na kwenda. Matatu yalikuwapo kwenye kila karatasi, tangu Januari hadi Juni, na X za Juni zilikuwa nyingi kuliko za Januari.

Ungekuwa na mbuzi unayemnywesha dawa ya minyoo kila siku kwa miezi sita na tumbo linazidi kuvimba, ungebadili dawa. Mimi sikubadili. Niliongeza kipimo.

Sitaki kuurudia hapa mjadala mzima wa viboko, umeandikwa sana. Kenya walipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001. Sisi tuna kanuni za mwaka 2002 zinazosema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kitabuni. Mimi leo nakitaka hicho kitabu tu. Katika shule nilizopitia sikuwahi kukiona kimejazwa ipasavyo, na nasema hivyo nikijihesabu. Kingejazwa, kisha kikasomwa mwisho wa muhula pamoja na zile karatasi za kiranja, shule ingekuwa na uchunguzi wa bei rahisi kuliko wowote: majina ya watoto ambao adhabu imethibitika haiwasaidii. Hapo mwalimu mkuu hahitaji daktari ili ajue kwamba lazima ajaribu kitu kingine.

Ila karatasi ya kiranja ina upofu wake. Haikuwahi kuwa na jina la msichana mmoja aliyekaa dawati la mwisho kando ya dirisha. Huyo hakupiga kelele hata siku moja. Kwenye ripoti nilimwandikia "mpole", nikaona nimemsifu. Siku niliyokusanya madaftari na kuyapitia bila haraka nikakuta kila ukurasa wake unafanana: tarehe imeandikwa vizuri, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, sentensi ya kwanza imeanza, halafu katikati ya neno kalamu imeondoka kwenda pembeni kuchora maua. Maua mazuri, yenye petali tano tano. Alifika darasa la nne hawezi kusoma aya moja mpaka mwisho. Tatizo hili lina sura hiyo pia, ya mtoto ambaye mwili haumsumbui mtu ila akili haishikiki, na wasichana wengi wamo humo. Tunamwona yule anayetukera. Anayezama kimya kimya tunamwita mpole.

Hata hivyo, mwenye haraka ya kubandika majina naye ni wa kuogopwa. Kuna shule za kulipia siku hizi ambazo mwalimu akishindwa na mtoto anamwambia mzazi "ana ADHD huyu" kama fundi gari anayesema "ni plagi" kabla hajafungua boneti. Mambo mengi yanafanana na ukosefu wa umakini, na kwetu ni ya kawaida sana.

Anza na sikio. Mtoto wa sikio linalotoa usaha, aliyezibwa pamba na nyanya yake, haitiki kwa sababu hasikii. Mmoja wa wale watatu wa orodha yangu alikuwa huyo. Nilimhamishia dawati la mbele, upande wa sikio zima, na nusu ya utundu ukaisha wiki hiyo hiyo. Nikaona aibu ambayo sijui nitaieleza vipi. Halafu macho. Halafu usingizi: mtoto anayelala chumba kimoja na televisheni, au anayekoroma usiku kucha kwa mafindofindo, asubuhi haonekani amechoka kama mtu mzima, anaonekana amechanganyikiwa na mkorofi. Njaa haihitaji maelezo. Kipo pia kifafa kisichoangusha mtu: mtoto anakodoa macho sekunde kadhaa, anakatika, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, na inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Mwalimu anamrushia chaki kwamba anaota. Huyo dawa yake ipo na inajulikana.

Na kuna degedege. Bibi zetu walilihusisha na ndege wa usiku. Leo tunajua mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani au homa kali. Tunachosahau ni kinachobaki baada ya mtoto kupona. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Kampala miaka miwili baada ya kuugua malaria ya ubongo walikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana upungufu katika uwezo wa kufikiri, hasa umakini, wakati kwa watoto wengine wa mitaa ile ile hawakufika mmoja kati ya kumi. Mtoto alilazwa akiwa na miaka mitatu, nyumba nzima ikalia, akapona, ikachinjwa kuku, yakasahaulika. Miaka mitano baadaye anachapwa kwa kutosikiliza. Fomu ya kuandikishwa darasa la kwanza ingeuliza kama mtoto aliwahi kupata degedege, mwalimu angeanza na subira.

Jambo la mwisho hapa ni umri, na hili nawaambia hasa wazazi wa mjini wanaopigania mtoto wa miaka mitano aingie darasa la kwanza ili "asipoteze mwaka". Katika jimbo la British Columbia, Canada, watafiti walipitia rekodi za watoto zaidi ya laki tisa, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kule anayezaliwa Desemba huanza shule na aliyezaliwa Januari ya mwaka huo huo, yaani aliyemzidi karibu mwaka mzima. Wavulana wa Desemba walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wa Januari. Wasichana, asilimia 70 zaidi. Mwezi wa kuzaliwa hauleti ugonjwa wa ubongo. Walikuwa wadogo tu, wakalinganishwa na wakubwa.

Nirudi kwa Shabani, maana dada yangu alikuwa na hoja moja nzito, ile ile ya kila shangazi: mbona kwa fundi alitulia saa nzima? Mbona kwenye katuni hapepesi? Jibu ni kwamba watoto hawa hawakuumbwa bila umakini. Wanao, usukani ndio mlegevu. Kitu kinachojibu papo hapo, povu linalopanda, katuni inayobadilika kila sekunde, kinaushika umakini wao chenyewe bila wao kufanya kazi. Kitu kinachojibu kesho au mwezi Desemba kinahitaji usukani. Kwa hiyo kule kutulia kwa fundi hakumtoi Shabani katika kundi hilo. Kunatuonyesha mlango wa kuingilia.

Mlango huo niliuona mahali nisipoutarajia. Mchana Shabani anasoma chuoni, kwa ustadhi wa mtaa wa pili. Nilikwenda kumchukua nikakaa barazani nusu saa. Watoto wamekaa mkekani wanayumba mbele na nyuma, kila mmoja anasoma kwa sauti yake. Hakuna anayeambiwa "kimya". Kila mmoja ana kipande kifupi, aya mbili tatu. Akikishika anakwenda mbele, anamsomea ustadhi ana kwa ana, akikosea anasahihishwa neno lile lile, akipatia anapewa kipande kingine. Shabani alikwenda mbele mara tatu. Huyu ndiye mtoto ambaye shule ilimwandikia mama yake kwamba hawezi kukaa wala kushika kitu. Mwili ulikuwa unatembea, sauti inatoka, kazi ni fupi, jibu ni la papo hapo. Wataalamu wa umakini wakiandika ushauri kwa walimu huandika mambo haya haya, wakilipwa kwa saa. Simpambi ustadhi, bakora yake ilikuwa ukutani, na siku ile Shabani aliondoka akasahau msahafu wake mkekani. Tatizo halikuisha chuoni. Lilipungua tu, kwa sababu ya jinsi kazi ilivyokatwa.

Kukata kazi: kama ningeruhusiwa kumwachia mwalimu neno moja ningemwachia hilo. Mtoto asiyeweza kunakili ubao mzima anaweza kunakili mistari mitatu. Mwambie mitatu, aje aonyeshe, apewe mitatu mingine. Ule mwendo wa kutoka dawatini hadi mezani kwako ndiyo dawa yenyewe. Mwili unatulizwa kwa kutembezwa. Ndiyo maana pia mtoto huyu ndiye wa kutumwa chaki, wa kufuta ubao, wa kugawa madaftari, kazi ambazo kwa desturi tunawapa wale watulivu kama zawadi. Mkalishe mbele, mbali na mlango, tena pasiwe kama mahabusu. Agizo liwe moja, useme ukiwa karibu naye, kisha arudie kwa mdomo wake kabla hajaanza.

Kuna kifaa kingine kisichozidi nusu ukurasa wa daftari, nacho kimepimwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi. Mwalimu na mzazi wanachagua mambo matatu tu yanayoonekana kwa macho. Kwa Shabani tulichagua haya: amemaliza mistari aliyopewa, amenyoosha mkono kabla ya kujibu, amerudi na kalamu yake. Usiandike "awe na adabu", maana adabu haihesabiki. Kila baada ya kipindi mwalimu anaweka alama ya vema au anaacha wazi. Karatasi inarudi nyumbani siku ile ile na nyumbani inalipwa siku ile ile. Mwanzoni kiwango kiwe chini kabisa ili mtoto aonje ushindi, akizoea kinapandishwa. Malipo si lazima yawe fedha. Kwa dada yangu vema nne zinanunua ukoko wa wali, na katika nyumba ya watoto watano, anayepewa ukoko peke yake bila kugombea ni sultani. Mzazi anayemwahidi mtoto wa namna hii baiskeli akifaulu mwisho wa mwaka amemwahidi mtu mwingine kabisa. Huyo mtoto wa mwisho wa mwaka hajazaliwa bado.

Mwalimu mwenzangu mwenye watoto mia na zaidi ataniuliza nimetoka sayari gani. Nakubali. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto walijaa madarasani, jambo jema lililocheleweshwa, ila walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, na kila mtu anajua hesabu hiyo iko kwenye karatasi. Hakuna mbinu itakayofanya mia na kumi na wawili wawe arobaini na watano, na anayedai ipo anamuuzia mwalimu maneno. Nasema hivi tu: orodha ya kiranja haina majina mia. Ina matatu. Mwalimu tayari anatumia muda kwa hao watatu kila siku, muda wa kuwaita mbele, kuwachapa na kuwanyamazisha. Dakika zipo, zinatumika vibaya.

Dawa za hospitali nitazipitia haraka kwa sababu kwa wasomaji wangu wengi si suala la kesho asubuhi. Methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, huwasaidia watoto wengi kutulia na kushika kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999, wa watoto 579, ulionyesha kwamba kwa muda wa miezi 14 dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Walipowatazama tena mwaka wa tatu tofauti ile ilikuwa imefifia. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, likakataa mara zote mbili. Si sumu na si muujiza. Huandikwa na daktari anayejua, huangaliwa hamu ya kula, usingizi na mapigo ya moyo, na haigawanywi kwa jirani kama panadol.

Ugumu mkubwa zaidi ni kufika kwa huyo daktari. Njia ni kuanzia kwa daktari wa watoto wa hospitali ya wilaya au mkoa, ambaye ataangalia masikio, macho, damu na kifafa, kisha atoe rufaa ya kliniki ya afya ya akili kama ile ya Muhimbili. Lakini jaribu kumwambia mama wa Kitanzania ampeleke mwanawe "afya ya akili". Anachosikia ni Mirembe, na Mirembe katika Kiswahili chetu limeacha kuwa jina la hospitali ya Dodoma, limekuwa tusi. Wakenya wana Mathari yao. Kwa hiyo anakwenda kwanza kwa anayemsikiliza: kombe la aya za Kurani linaandikwa linaoshwa linanywewa, au kanisani mtoto anawekewa mikono. Sina ugomvi na dua. Mtu mzima aliyekaa na mtoto mmoja nusu saa nzima, kwa sauti ya chini, hajamdhuru. Ugomvi wangu unaanza pale pepo anapotafutwa kwa fimbo, au mtoto anapofungiwa ndani bila chakula ili "kimtoke". Huo ni ukatili, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtu yeyote.

Mwezi uliopita nilirudi Tanga. Shabani hana jina la ugonjwa bado. Masikio yamepimwa ni mazima, macho mazima, rufaa inasubiriwa. Ila dada alikuwa amebadili namna ya kumtuma. Sasa anatumwa kitu kimoja. Kama ni kibiriti, anashikishwa ganda tupu la kibiriti mkononi, hakuna kuliweka mfukoni, alikamate mpaka dukani. Na dada, bila kuambiwa na mtaalamu yeyote, alikuwa amekwenda kuzungumza na fundi baiskeli: akimwona Shabani amesimama na ganda mkononi, amuulize tu anakwenda wapi.

Nilimpa saa. Dakika ya kumi na nane akarudi, kibiriti kipya mkono mmoja, ganda la zamani mkono mwingine, chenji imetimia hadi shilingi. Dada akapokea, akahesabu, akaanza kutabasamu, halafu akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku.

"Kandambili iko wapi?"

"Iko kwa fundi, mama. Anaitia waya."